Fungu la Anayebaki na Vyombo

Ukitaka kujua kanisa la vijijini katika nchi zetu linabebwa na nani, mtafute katekista wa kigango kilicho mbali na parokia, au mwinjilisti wa mtaa kwa upande wa Walutheri. Padre au mchungaji hufika mara moja kwa mwezi, na masika yakikata barabara huenda asifike kabisa. Jumapili zilizobaki ni za huyu. Ndiye mwenye ufunguo, ndiye anayeongoza ibada, anayesoma matangazo, anayekaa na wazee kuhesabu sadaka na kusimamia mnada wa mayai na mikungu ya ndizi watu wakishatoka nje. Katikati ya wiki anafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na watoto wa komunyo au kipaimara. Mtu akifa usiku, hodi ya kwanza ni kwake. Jumatatu asubuhi yuko shambani kama jirani yeyote, maana posho anayopewa, pale inapotoka, haitoshi kulisha nyumba.

Kisha anazeeka. Goti linakataa baiskeli, macho yanakataa maandishi madogo ya kitabu cha ibada. Anaandaliwa sherehe ya kuagwa, anasomewa risala, anapewa kitambaa cha suti na mbuzi, na msemaji wa mwisho anamwambia kwamba thawabu yake ni kubwa mbinguni. Wiki inayofuata kigango kina mtu mwingine, na yeye anaanza kuhangaikia hela ya vidonge vya presha.

Naandika kumtetea mtu huyu, pamoja na wenzake wengi wanaolibeba kanisa bila kuonekana: mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare, mhazini wa jumuiya mwenye daftari lililolegea kurasa, kijana anayekimbilia nyaya za spika mvua inapoanza kudondoka, mlinzi wa usiku, wapishi wa semina. Maandiko yana maneno mawili juu ya kazi ya namna hii, na kila neno lina mtu wake. La kwanza ni la Bwana Yesu: "hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Hilo ameambiwa anayetoa, anayetumika. La pili ni agizo la Daudi kwamba aliyebaki na vyombo apate fungu sawa na aliyekwenda vitani. Hilo ameambiwa mwenye nyara mkononi, yule anayegawa. Makanisa yetu mengi yamelichukua neno la mtumishi yakalipeleka kwenye kamati ya fedha, na huko limegeuka sababu ya kutogawa. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, tena dhuluma inayosema lugha ya kiroho.

Sura ya 30 ya Samweli wa Kwanza inafaa kusomwa polepole. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa, wake zao na watoto wametekwa na Waamaleki. Wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaishia, na wengine wanafikia kusema Daudi apigwe mawe. Wanaamua kumfuatia adui, lakini wakifika kwenye kijito cha Besori watu 200 wanashindwa kuvuka. Hawakuasi wala hawakuogopa. Walichoka. Wanabaki hapo na mizigo, na 400 wanaendelea.

Mbele wanamkuta kijana Mmisri ameanguka porini. Siku tatu mchana na usiku hajala wala hajanywa. Wanampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu kavu, roho inamrudia. Daudi anamwuliza ni mtu wa nani. Anajibu kwamba yeye ni mtumwa wa Mwamaleki mmoja, na bwana wake alimwacha siku tatu zilizopita kwa sababu aliugua. Kijana huyo ndiye anayewapeleka watu wa Daudi hadi pale adui alipotawanyika akila, akinywa na kucheza. Mwandishi angeweza kutuambia tu kwamba Daudi alipata kiongozi wa njia. Ameona ni lazima tujue kiongozi huyo alipatikanaje: alikuwa mtumishi aliyeugua akatupwa, na aliyemtupa alidhani hasara yake imeishia palepale njiani.

Wahubiri wengi hupenda sura hii kwa ajili ya ahadi ya kurudishiwa vyote. Ni ahadi nzuri. Ila sijasikia mara nyingi Mmisri yule akiwekwa karibu na wale 200 wa Besori, na mimi naona sura yote imejengwa juu yao. Upande mmoja kuna mtumwa aliyechoka, bwana wake akamwacha. Upande wa pili kuna askari waliochoka, na swali linalosubiri jibu ni kama bwana wao atawafanyia vilevile. Walioshinda wanarudi na nyara. Baadhi yao, ambao Biblia inawaita watu wabaya na wasiofaa, wanasema kila mmoja wa wale waliobaki apewe mke wake na watoto wake, basi, aende zake. Daudi anakataa. Wasemaji hao anawaita "ndugu zangu", na sababu anayoitoa ni kwamba mali yote ile wamepewa na Bwana. Mtu hawezi kuwa mkali juu ya kitu alichopewa. Halafu hakuishia kwenye wema wa siku moja. Alilifanya sheria na agizo katika Israeli.

Kuna kimya katika habari hiyo ambacho nakipenda. Wale 200 hawasemi neno hata moja. Wanatoka kuwalaki wenzao, Daudi anawakaribia na kuwasalimu, na mjadala wote wa fungu lao unaendelea wao wakiwa wamenyamaza. Waliotumika hawakudai; aliyesimama kudai kwa ajili yao ni mwenye mamlaka. Hivyo ndivyo maneno yale mawili yanavyokaa pamoja bila kugombana. Mtumishi akae kimya akipenda, ni haki yake na ni uzuri wa moyo wake. Kiongozi hana ruhusa ya kukaa kimya juu ya fungu la mwenzake.

Musa alikuwa amefanya jambo la aina hiyo jangwani, tena kwa hesabu. Walawi waligawanywa koo tatu za kubeba hema ya kukutania. Wana wa Kohathi walibeba sanduku la agano, meza, kinara na madhabahu, vitu ambavyo kila Mwisraeli angetamani kuonekana karibu navyo. Wana wa Gershoni walibeba mapazia na vifuniko. Wana wa Merari walipewa mbao, mataruma ya kushikia mbao hizo, nguzo, vitako vya kuzisimamishia, vigingi na kamba. Walioandikwa kwa kazi hiyo, wenye umri wa miaka 30 hadi 50, walikuwa 3,200, wengi kuliko ukoo wowote wa hizo mbili nyingine. Kitabu cha Hesabu kinaagiza kwamba vitu vya mzigo wao vitajwe kwa majina, ili kila mtu ajue kigingi chake. Nimejaribu kuwaza mtu mzima aliyeishi maisha yake yote ya kazi akijulikana kwa vitako kadhaa vya shaba na fungu la kamba. Bila yeye hema haisimami, na ikishasimama hakuna anayetazama kamba.

Wakuu wa makabila walipoleta magari 6 na ng'ombe 12 kwa ajili ya hema, Musa aligawa hivi: Gershoni magari 2 na ng'ombe 4, Merari magari 4 na ng'ombe 8. Kohathi hawakupewa hata gari moja, kwa kuwa vitu vitakatifu vilibebwa begani. Vifaa vilifuata uzito wa mzigo. Kwetu vifaa hufuata cheo. Simwonei askofu wivu kwa gari lake, barabara za dayosisi nyingi zinahitaji gari imara. Lakini pale ambapo makao makuu yana magari ya kutosha na mwinjilisti anayehudumia vijiji vitatu anasukuma baiskeli isiyo na breki, wana wa Merari wamepokonywa ng'ombe wao.

Agano Jipya linaendelea na mwendo huohuo. Paulo anapofunga waraka kwa Warumi, anataja watu zaidi ya 20 kwa majina, na kwa wengi anasema walifanya nini. Fibi anahudumu katika kanisa la Kenkrea na amewasaidia wengi. Prisila na Akila walihatarisha shingo zao. Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi walifanya kazi kwa bidii. Katikati ya salamu hizo mwandishi mwenyewe, aliyeshika kalamu Paulo akisema, anapewa nafasi ya sentensi moja: "Mimi Tertio, niliyeuandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Kwa Wafilipi, Paulo anaagiza kabisa kwamba Epafrodito, aliyetumwa kupeleka msaada akaugua karibu na kufa, apokewe kwa furaha na watu wa namna yake waheshimiwe. Kuheshimiwa ni amri pale. Mitume hawakuona kwamba kumtaja mtu kunamharibia thawabu.

Katika historia ya nchi yetu Tanzania kuna habari ambayo Bagamoyo inaijua vizuri. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba kwenda pwani. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik nchini India, ndiye aliyesoma ibada ya maziko. Ndiye pia aliyechonga kwenye mti ule jina la marehemu, tarehe, na majina ya viongozi wa msafara.

Walitembea miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,600. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hukohuko yaishe. Wakakataa. Walipoona wenyeji wa njiani hawataki maiti ipite kwao, waliufunga mwili upya ufanane na mzigo wa nguo za biashara. Wanawake walikuwamo pia katika msafara, akiwemo Halima aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Februari 1874 wakaufikisha mwili Bagamoyo, kwenye misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Si wote waliokuwa Wakristo. Susi alikuja kubatizwa Zanzibar mwaka 1886.

Kazi ikaishia hapo kwa wengi wao. Walilipwa mishahara, wakaachwa waende zao. Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Susi na Chuma walipelekwa baadaye na rafiki wa marehemu, wakafika maziko ya Westminster Abbey ya tarehe 18 Aprili 1874 yamekwisha kufanyika. Jiwe lililo juu ya kaburi ndani ya kanisa lile linaanza kwa kusema kwamba mwili uliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono. Mti wa Chitambo ulichongwa majina ya watu, na jiwe la London likachongwa mikono.

Nadhani walioandika maneno hayo walikusudia heshima. Ndiyo maana mfano huu unanisumbua. Sifa ya jumla ni rahisi kuitoa kwa sababu haimgharimu anayeitoa. Jina lina familia, lina ada za shule, lina ugonjwa na uzee. Ukishaliandika, umejifunga. "Tunawashukuru wote waliofanikisha shughuli hii kwa namna moja au nyingine" ni sentensi tunayoisikia kila sherehe ya kanisa, na baada yake hakuna anayedaiwa chochote.

Nenda nyuma ya ukumbi siku ya kongamano la wanawake. Ndani kuna mnenaji mgeni, kuna maua mezani, mada ni utumishi mwema. Nje, upande wa upepo, kuna mafiga ya mawe na masufuria yaliyopakwa udongo nje ili yasishike masizi. Mama mmoja anapindua wali kwa mwiko mrefu kama kasia, mwingine amekaa kwenye kigoda akichambua mchele wa kesho, wa tatu ana jicho jekundu la moshi na mtoto mgongoni. Spika zimeelekezwa kwa wageni, kwa hiyo huku inafika mivumo tu na kelele za "Bwana asifiwe". Wameamka saa tisa usiku. Wageni watakula saa saba, wao watakula kilichobaki, halafu wataosha sahani na kuanza kupika cha jioni. Kongamano likifungwa, washiriki watarudi kwao na vyeti na notisi. Wapishi watarudi na harufu ya moshi, na hawajasikia hata somo moja. Mwakani watapangwa walewale, kwa sababu "wameshazoea".

Mtu akilisema hilo, mara nyingi anajibiwa kwa habari ya Martha na Mariamu, kwamba Mariamu alichagua fungu jema. Huko ni kumwonea Martha mara mbili. Katika Luka 10 Bwana anamwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa vitu vingi. Anauponya moyo wake, hakukidharau chakula chake. Katika Yohana 12, karamu ya Bethania siku sita kabla ya Pasaka, Martha bado anatumikia, na hakuna anayemkemea. Kama tunaamini kuketi miguuni pa Yesu ni fungu jema, basi ni wajibu wa waandaaji kuhakikisha wapishi nao wanalipata: zamu ziwekwe, wanaume washike mwiko siku moja, spika moja igeuzwe jikoni, somo lirekodiwe kwenye simu. Hayo si mambo makubwa. Kinachoyazuia ni kwamba aliyeko jikoni hahesabiwi kuwa mshiriki.

Hoja inayopingana na yangu naijua, na wanaoitoa ni watu wacha Mungu. Wanasema ukianza kuzungumza fungu, posho na bima, utaua roho ya kujitolea, kila mtu ataanza kuuliza "nitapata nini?" Hatari hiyo ipo. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alimkimbilia Naamani kwa sababu ya fedha na mavazi, akarudi na ukoma. Nimeona kwaya zikivunjika kwa ajili ya mgao wa zawadi ya sherehe. Lakini ng'ombe waliopewa wana wa Merari hawakuwa zawadi ya kuwatajirisha. Walikuwa wa kuvuta mbao. Kumpa mtu kinachomwezesha kuendelea kutumika bila kuua familia yake ni jambo tofauti na kuinunua huduma yake. Paulo aliyekataa kulipwa na Wakorintho ndiye aliyemwandikia Timotheo kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Alikataa cha kwake, akatetea cha wengine.

Kanisa Katoliki limeliweka hilo katika sheria. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 231, unasema walei waliojitoa kwa kudumu au kwa muda katika huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya malipo ya kustahili yanayolingana na hali yao, yatakayowawezesha kujitunza wenyewe na familia zao, pamoja na haki ya kuwekewa bima, hifadhi ya jamii na matibabu. Sheria ipo, ina zaidi ya miaka 40. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alikwenda hatua nyingine, akaiweka rasmi kazi ya katekista kuwa huduma ya walei katika Kanisa. Ni heshima kubwa, na imekuja katika bara ambako makatekista wamefanya kazi ya uinjilishaji vizazi na vizazi. Wawili wao, Daudi Okello na Jildo Irwa, walikuwa vijana wadogo sana walipouawa kwa mikuki huko Paimol, kaskazini mwa Uganda, Oktoba 1918. Daudi aliomba mwenyewe kwenda kuziba pengo la katekista aliyefariki, na Jildo alikwenda kama msaidizi wake. Walitangazwa wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Nafurahi kwa ajili yao kwa moyo wote. Lakini katekista aliye hai anahitaji kanuni ya 231 itekelezwe angali hai, kwenye parokia yake, na paroko wake.

Sasa neno kwa watumishi wenyewe, nami nalisema nikiwapenda. Kazi ya nyuma ina majaribu yake, na mengine ni makali kuliko ya madhabahuni kwa sababu hakuna anayeyaona. Kuna mwenye ufunguo wa stoo ambaye kwa miaka amekuwa mlango ambao mchungaji mwenyewe lazima aubembeleze. Kuna anayetumika huku akihesabu kimoyomoyo nani hakumshukuru, na hesabu hiyo imekuwa ndefu kuliko sala zake. Diotrefe wa Waraka wa Tatu wa Yohana alipenda kuwa wa kwanza mbele ya watu. Anaweza kuwapo Diotrefe wa jikoni pia. Tena kutumika sirini hakuna uhusiano na kuweka hesabu sirini. Paulo alipopeleka mchango wa Yerusalemu aliweka ndugu kadhaa wa kusafiri nao ili asiwepo wa kumlaumu. Mhazini anayesema "Mungu ndiye shahidi wangu" na hana stakabadhi amechanganya mambo.

Jaribu ambalo naliogopa zaidi limefundishwa na sisi wenyewe. Tumewaambia vijana kwamba wakiwa waaminifu katika kufagia, Mungu atawapa mimbari. Tunamtaja Daudi wa kondoo aliyekuwa mfalme, tunamtaja Yusufu wa gerezani aliyekuwa mkuu wa Misri. Matokeo yake kijana anashika fagio kama anayesubiri basi. Akikaa miaka kadhaa bila kuitwa mbele, anaona Mungu hakutimiza ahadi, anahamia kanisa ambako watampa maikrofoni. Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, fundi wa ile hema ya kukutania, alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Hakuna mahali anapopandishwa kuwa kuhani. Alichonga, alifua, alifundisha wengine pamoja na Oholiabu wa Dani, na hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yake, kamili, yenye Roho ndani yake. Waebrania 6 inasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yetu. Mtu anayeiamini hiyo anaweza kupiga pasi kitambaa cha altare miaka 30 akiwa na furaha isiyo na njaa ya jukwaa. Nimewajua watu wa namna hiyo, na ukiwa nao unajisikia kuwa karibu na kitu cha kweli.

Furaha yao hiyo haiwapunguzii viongozi deni. Bajeti za sharika na parokia nyingi huandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka. Nimekaa kwenye vikao hivyo, na najua mstari gani hukatwa mapema mapato yakionekana kupungua: ule wa mhudumu, mlinzi na mwinjilisti. Mstari wa wageni na sherehe hukatwa mwisho, au haukatwi. Kwa miaka kadhaa, mikoani kwetu, kaya isiyozidi watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka kuingia Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa. Ni fedha ambayo shada la maua na kitenge cha mgeni rasmi vinaweza kuizidi kwa Jumapili moja. Viwango na mipango ya bima hubadilika, lakini usharika wenye washarika mia mbili hauwezi kushindwa kukatia bima familia ya mwinjilisti wake na ya yule aliyemtangulia. Kinachokosekana ni mjumbe mmoja wa kuliweka jambo hilo kwenye ajenda na kukataa litolewe.

Wajane wa wainjilisti wanapaswa kuwa kwenye ajenda hiyohiyo. Wao pia walibeba: walipika kwa kila mgeni aliyelala pale, walilea watoto baba akiwa safari za mitaani, na wengi waliondoka kwenye nyumba ya kanisa wiki chache baada ya maziko. Na kwa sharika ambazo zina daftari la washarika, daftari la ndoa na daftari la ubatizo, lakini hazina daftari la watu waliozitumikia tangu mtaa ulipofunguliwa, kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji kalamu na wazee wawili wanaokumbuka nani alichota maji ya kufyatulia matofali, nani alifundisha kwaya ya kwanza, nani alilala kwenye jengo kabla halijawekwa milango, na kati yao nani bado yuko hai na anaishi kitongoji gani.